Mlango wa reli chumbani kwa mama: uzoefu wangu wa miezi 11, Tanga

Mama yangu alipopata kiharusi na kuanza kutembea kwa mkongojo wa miguu minne, kitu cha kwanza kilichomshinda ndani ya nyumba yetu ya Ngamiani kilikuwa mlango wa chumba chake mwenyewe. Chumba kina futi 10 kwa 10, kitanda ni cha futi 5 kwa 6, na mlango wa zamani ulifungukia ndani hadi ukagota kwenye mguu wa kitanda, kwa hiyo kila alipoingia ilimbidi asogee, aupishe mlango, kisha ajipenyeze ubavu. Kuugeuza ufungukie ukumbini hakukufaa, kwa sababu ukumbi wetu ni mwembamba kama ulivyo katika nyumba nyingi za Kiswahili, na mlango uliofunguliwa pale ungemgonga kila apitaye kwenda uani. Ndipo nilipoamua kuweka mlango wa reli, nao sasa umetimiza miezi 11, masika yote ikiwa ndani yake.

Kwa asiyeufahamu, huu ni ubao mmoja mpana usiokaa ndani ya fremu. Unaning'inia mbele ya ukuta kwa magurudumu mawili yanayotembea juu ya reli ya chuma, na ukiusukuma unateleza ubavuni mwa ukuta. Mtindo huu unatokana na mabanda na maghala ya mashambani, ndiyo maana Marekani unaitwa mlango wa banda. Mafundi wa hapa huuita mlango wa kuslaidi, jina wanalolitumia pia kwa milango ya aluminiamu na vioo, kwa hiyo onyesha picha mapema usije ukaletewa kitu cha dukani.

Vipimo vyake havina siri, ila havisamehi. Uwazi wa mlango wetu ni sentimita 90, na ubao ulipaswa kuwa na sentimita 100 ili uzidi kwa sentimita 5 kila upande, la sivyo mtu aliyeko ukumbini angemwona mama kitandani kupitia pembeni. Reli huhitaji kuwa na urefu unaokaribia mara mbili ya upana wa mlango, kwa hiyo yetu ni ya mita 2. Hilo lina maana kwamba ukuta ulio ubavuni mwa uwazi lazima uwe mtupu kwa mita nzima. Wetu haukuwa mtupu. Palikuwa na kabati la vyombo, ambalo lilihamishwa bila ugomvi, na swichi ya taa, ambayo fundi umeme aliihamishia upande wa pili kwa kuchimba lipu upya. Ningelijua mapema ningelifanya kazi hiyo kabla ya kupaka rangi ukumbi, badala ya kuupaka mara mbili.

Mbao nilinunua za mtiki kutoka Muheza, ambako liko shamba la miti la Longuza. Seremala alipendekeza mninga, nami sina neno baya juu ya mninga, lakini mtiki hautanuki wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika, na kwa unyevu wa Tanga hilo ndilo lililonivutia. Nilisisitiza apewe mbao za kiini, zile za rangi ya kahawia, kwa kuwa ganda jeupe la nje ni chakula cha mchwa, na nikaziacha wiki sita chini ya paa, zimepangwa kwa vipande vya fito katikati ili hewa ipite. Mlango ulipokamilika ulikuwa na urefu wa sentimita 210 na unene wa sentimita 4. Kwa uzito wa mtiki, ambao ni kama kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, hesabu inakuja karibu kilo 55. Naandika tarakimu hii kwa makusudi, kwa sababu wengi huchagua ubao kwa kuutazama, na hawaulizi utabebwa na nini.

Sisi tuliuliza kwa kuchelewa. Fundi alipima, akaweka pima maji, akachora mstari wa penseli juu ya kizingiti, kisha akaanza kutoboa kwa drili. Vumbi la kwanza lilikuwa la kijivu, la lipu ya saruji. Baada ya sentimita tatu hivi likabadilika, likawa jekundu, na drili ikazama yenyewe kama inayotoboa muhogo wa kuchemsha. Akaizima. Mimi nilikuwa nimesahau, na pengine sikuwahi kufikiria, kwamba kuta za nje za nyumba hii marehemu baba alizijenga upya kwa matofali ya saruji, lakini kuta za ndani zilibaki zile zile za babu, za fito na udongo, zikapigwa lipu tu zikapendeza. Ukuta wa namna hiyo unabeba picha ya harusi. Kilo 55 zinazokwenda na kurudi mara ishirini kwa siku hauzibebi, hata uweke bolti ya urefu gani.

Suluhisho lilitoka kwa mchomeleaji wa mtaani, kijana ambaye namsifu bila kusita. Alituundia goli: nguzo mbili za bomba la mraba la inchi 2, zenye vitako vya bamba vilivyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege, na bomba la tatu limelala juu yake. Reli ilifungwa kwenye bomba hilo la juu, kwa hiyo uzito wote unashuka sakafuni na ukuta unaegemewa tu. Gharama yake ilikuwa shilingi 180,000, na katika kazi yote hakuna fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe zaidi. Hasara yake ni kwamba mlango ulisogea mbali na ukuta kwa zaidi ya sentimita 5. Tulibandika ubao mnene kwenye mwimo ulio upande wa pili ili kuziba, na mwanya ukabaki wa sentimita moja hivi.

Sasa niseme kuhusu vyuma vyenyewe, maana ndipo malalamiko yangu yalipo. Seti ya kwanza niliinunua kwa shilingi 260,000 katika duka la vifaa vya ujenzi ambalo sitalitaja. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kupendeza, na muuzaji aliniambia kwa kinywa kipana kwamba haishiki kutu. Ilifungwa wakati wa vuli. Kaskazi ilipoanza kuvuma, kabla hata mwaka mpya haujazoeleka, niliona vidoto vya rangi ya chungwa kwenye vichwa vya bolti, kisha rangi nyeusi ikaanza kuinuka kama ganda la kitunguu kwenye reli pale gurudumu linapopita. Kilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga, na rangi ikishakwanguliwa na gurudumu, chumvi ya upepo wa bahari haina haja ya kubisha hodi. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba nyumba yangu iko karibu mno na bahari. Tanga!

Seti ya pili ni ya stenlesi, nayo iligharimu shilingi 420,000. Ziko daraja mbili zinazopatikana zaidi, 304 na 316, na hiyo ya pili ndiyo inayostahimili chumvi vizuri zaidi. Nilipata 304, nami naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kila Ijumaa, na mpaka leo haina doa. Magurudumu yake yamevikwa nailoni, kwa hiyo mlio wake ni mnong'ono tu, ilhali ile ya kwanza iliuamsha mtaa mama alipokwenda msalani usiku.

Kuna visehemu viwili vidogo ambavyo nisingependa mtu avipuuze. Ndani ya seti huwa na visahani vya plastiki vinavyofungwa juu kabisa ya mlango, chini kidogo ya reli, ili mlango usiruke ukasukumwa kwa nguvu. Fundi wetu alimaliza kazi, akafagia, akaniachia visahani hivyo kwenye mfuko akidhani ni vya akiba. Siku ya nne mjukuu wa mama, mwenye miaka saba, aliusukuma mlango kwa kukimbia nao. Gurudumu la mbele likapanda juu ya kizuizi, likatoka, na mlango ukabaki umening'inia kwa gurudumu moja huku kona yake imechimba sakafu. Mtoto hakuumia, Alhamdulillahi. Alama ya ile kona bado ipo kwenye saruji, nami sikuiziba. Kisehemu cha pili ni kile cha chini kinachouzuia mlango usipepee. Chetu hakikufungwa sakafuni, kwa kuwa mama huburuta mguu wa kushoto na angejikwaa. Kimefungwa kwenye nguzo, vigurudumu viwili vidogo vinaubana ubao pande zote mbili. Sakafu ni wazi kabisa, haina kizingiti wala mfereji, na kwa mtu wa mkongojo faida hiyo peke yake ingetosha.

Kishikio kilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Upande wa ukumbini ni chuma kirefu cha wima, hakina taabu. Upande wa ndani hakiwezi kutokeza, kwa sababu kingegonga mwimo, kwa hiyo huwekwa kile cha kuzama ndani ya ubao, nacho kinataka vidole vyenye nguvu ambavyo mama hana tena. Tulitoboa tundu ukingoni mwa ubao tukapitisha kitanzi cha kamba ya katani, anakipachika kwenye kiganja na kuuvuta mlango kwa uzito wa mkono mzima. Katani haikosekani Tanga.

Mama mwenyewe aliupokea kwa mashaka. Alisema mlango usio na bawaba wala komeo la maana ni pazia la mbao, na kwamba mgeni akibisha hodi hatajua agonge wapi. Kuhusu pazia hakukosea: sauti zinapita, harufu ya samaki wa kukaanga inapita, na mwanga wa ukumbini unaingia kupitia ule mwanya wa sentimita moja. Lakini mlangoni kwetu pazia lilikuwapo tangu zamani, nasi tukalirudisha kwa ndani, na stara ikapatikana. Masika ilipofika, milango mingine yote ya nyumba ilivimba, mmoja ukahitaji randa, na huu ukaendelea kuteleza kwa kidole kimoja kwa kuwa haugusi fremu popote. Siku hizi wifi yangu akija kutembelea, mama humwita kutoka chumbani aje aone anavyoufungua.

Ukijumlisha shilingi 350,000 za mbao na seremala na 90,000 za kufunga, mlango mmoja umenigharimu shilingi 1,040,000, bila kuhesabu vyuma vilivyooza. Si bei ya mlango wa kawaida, na kwa chumba chenye nafasi ya kutosha nisingeitoa.

Fundi alinishawishi tuendelee na mlango wa choo kwa mtindo huo huo, nami nikakataa kwa sababu ya ule mwanya. Wa choo nimeuacha kwenye bawaba zake, ila nimeugeuza ufungukie nje, ili mama akianguka humo ndani asiuzuie kwa mwili wake.