Kununua Monero ukiwa Mwanza: programu tatu za mtu kwa mtu

Monero (XMR), sarafu ya kripto inayoficha nani kamlipa nani, siku hizi haipatikani kirahisi. Binance, soko kubwa la kripto, iliiondoa Februari 2024, na LocalMonero, tovuti ambako wengi walikutana na wauzaji, ilifungwa mwaka huo huo. Mtu wa Kirumba au Nyakato mwenye shilingi kwenye simu amebakiwa na programu za mtu kwa mtu, zisizo na kampuni ya kukushikia hela. Jiulize kwanza: una sarafu yoyote ya kripto sasa hivi? Nyingi zinadai dhamana kwa sarafu hizo hizo unazozitafuta, na hapo ndipo wageni wanakwama.

1. Haveno, kwenye mtandao wa RetoSwap. Inashika namba moja kwa sababu unapata XMR moja kwa moja. XMR ya muuzaji na dhamana zenu hufungwa kwenye pochi (programu ya kutunzia sarafu) yenye funguo 3, na ili ifunguke zinatakiwa 2; ule wa tatu anao msuluhishi. Ofa za shilingi ni chache, kwa hiyo mara nyingi utaweka ya kwako na kusubiri. Ukizima kompyuta, ofa inatoweka. Tumia laptop yenye betri nzima na bando la simu, maana umeme ukikatika katikati ya biashara muda wa kulipa unaendelea kuhesabika.

Ukipata muuzaji, usitume hata shilingi kabla ya programu kukuambia dhamana zimethibitishwa. Zinahitajika thibitisho 10 za mtandao wa Monero, kila moja kama dakika 2, yaani dakika 20 hivi. Kisha fungua M-Pesa. Kabla hujathibitisha malipo, simu inakuonyesha jina la mpokeaji: lilinganishe herufi kwa herufi na lile lililo kwenye dirisha la biashara. Likitofautiana, acha, fungua shauri humo humo. Na wewe tuma kwa laini yenye jina lako, usimwombe wakala wala shemeji. Kuna matapeli wanaomuuzia mtu simu hewa, wakampa namba ya muuzaji wa XMR ailipe. Ndiyo maana muuzaji makini akiona jina geni anasimamisha kila kitu.

2. Bisq Easy, ndani ya Bisq 2. Asiye na sarafu kabisa aanzie hapa, ingawa tumeiweka ya pili. Mnunuzi haweki dhamana. Kinga yako ni sifa ya muuzaji, na kikomo ni dola 600 kwa biashara moja. Chagua mwenye alama nyingi za sifa hata kama bei yake imezidi kidogo. Utapata Bitcoin, kisha uibadilishe kuwa XMR kwenye Bisq 1, programu ya zamani ya Bisq, kwa dhamana ya kuanzia 15%. Ada za Bitcoin hula mafungu madogo, kwa hiyo hamisha yote kwa mkupuo mmoja.

3. RoboSats. Ni nyepesi, inafunguka kwa Tor Browser (kivinjari kinachoficha ulipo), dhamana kwa kawaida 3%, ila lazima uwe na Bitcoin ya Lightning, mtandao wa malipo ya haraka ya Bitcoin, tayari; nayo inakupa Bitcoin, ambayo utaibadilisha kuwa XMR kama hapo juu. Ukichukua ofa halafu ukashindwa kulipa kwa wakati, dhamana imekwenda. Nakili tokeni ya roboti yako, yaani neno la siri la utambulisho wako humo, kwenye karatasi. Ikipotea huirudii biashara yako.

Mtu wa kundi la WhatsApp anayetaka utangulize hela hatumpi nafasi yoyote.

Kwa pochi, Feather ni ya kompyuta, Monerujo ni ya Android. Tumia nodi ya mbali (kompyuta ya mtu mwingine iliyounganishwa na mtandao wa Monero), kwani mnyororo mzima, yaani daftari la miamala yote, umepita GB 200 na utamaliza bando. Anwani ina herufi na tarakimu 95, inaanza na 4 au 8: nakili, usiandike kwa mkono.

Fahamu pia kwamba Monero inaficha yanayotokea kwenye mnyororo wake tu. M-Pesa inabaki na majina yenu, kiasi na saa. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, hivyo ukitapeliwa nje ya programu hizi hakuna wa kukurudishia.

Ununuzi wa kwanza ukikamilika, usihamishe XMR yote kwenda pochini. Bakiza kiasi ndani ya Haveno kiwe dhamana ya ununuzi unaofuata.