Miezi kumi na gitaa lisilo na kichwa, Moshi hadi Arusha

Naishi Pasua, Moshi, na kila Jumamosi napanda Coaster kwenda Arusha kupiga solo kwenye kwaya ya kanisa moja kule Njiro. Ni kilomita kama 80. Gitaa langu la zamani lilifia njia hiyo. Nililisimamisha kati ya viti, gari likaruka tuta, mkungu wa ndizi wa abiria wa nyuma ukaliangukia, na shingo ikakatika palepale kichwa, ile sehemu yenye vigingi vya kukazia nyuzi, kinapoanzia. Fundi aliliunga kwa gundi, ila halikushika tyuni tena. Kabla ya hapo makonda walikuwa wameshanichosha: "Kaka, hilo nalo lina nauli yake."

Ndiyo maana nilitafuta gitaa lisilo na kichwa. Umbo hili alilianzisha Ned Steinberger, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, akianza na gitaa la besi. Langu si la kwake, ni la kampuni nyingine iliyofuata umbo lile. Nimelinunua mtumba, shilingi 600,000 pamoja na begi, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao.

Watu wakiliona wanadhani ni la mtoto. Nililipima kwa futi ya fundi cherehani: lote ni sentimita 77, wakati gitaa la umeme la kawaida linakaribia mita moja. Lakini kutoka nyuzi zinapoanzia juu hadi kwenye daraja, pale zinapokalia mwilini, ni milimita 648, sawasawa na Stratocaster, gitaa la umeme maarufu la Fender. Kilichoondolewa ni kichwa na mbao za mwili, shingo haikuguswa. Vidole vyangu havikulazimika kujifunza upya, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Lina freti 24, vile vyuma vinavyogawa noti shingoni, na kwa kuwa mwili ni mdogo, mkono unafika juu kabisa bila kugonga mbao. Solo za kwaya zetu zinakaa huko huko juu, hasa sebene likikolea. Kwenye gitaa la zamani nilikuwa napinda kiwiko, hapa mkono unateleza tu.

Sauti ni nzuri. Nikichomeka kwenye amplifaya ya kanisa, hakuna anayejua kwamba napiga kitu kidogo hivi.

Tyuni nayo imenishangaza. Unakazia chini, nyuma ya daraja, kwa vitufe vidogo vya kuzungusha. Hakuna uzi uliozungushwa mara nne kwenye kigingi, kwa hiyo hakuna pa kulegea. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari na Moshi haifiki 1,000. Mwezi Julai nikishuka stendi na baridi ile, nyuzi huwa zimejikaza na sauti imepanda kidogo. Nazungusha vitufe kidogo tu na kazi imekwisha. Sharti uwe na programu ya kutyuni kwenye simu au pedali, kwa sababu kile kifaa cha kutyuni kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa hakina pa kubana.

Sasa nyuzi, na hapa naomba mnunuzi anisikilize vizuri. Uzi wa kawaida una kishanga cha chuma upande mmoja. Gitaa langu linataka uzi wenye vishanga pande zote mbili. Wiki ya tatu, Jumamosi saa kumi na moja jioni, katikati ya mazoezi, uzi wa kwanza ukakatika. Nilidandia kifodi, daladala ya kule, hadi mjini, nikaingia maduka matatu. Muuzaji wa mwisho alizigeuza nyuzi zangu mkononi akasema, "Mwalimu, hizi za vishanga viwili ndiyo naziona leo." Jumapili nilipiga ibada nzima kwa nyuzi tano, solo zote nikizihamishia uzi wa pili. Nilitoka jasho, na ile noti ya juu kabisa kwenye wimbo wa sadaka sikuipata.

Dawa yake ni kipande cha chuma kinachokaa mwanzo wa shingo na kubana uzi wowote wa dukani kwa skrubu sita ndogo. Jamaa yangu aliniletea kutoka Dar. Unapitisha uzi, unakaza kwa alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, unakata mkia kwa plaizi. Uzi wa kwanza ni mwembamba sana, unachomoka. Ukunje ncha kwanza kabla ya kukaza. Ukinunua gitaa la aina hii, nunua na hicho chuma siku hiyohiyo.

Kukaa nalo chini kunahitaji uvumilivu. Linateleza pajani, na kile kiguu cha kukunjua cha kuliegemezea kwenye paja kwangu kimeshalegea. Nikisimama nalo kwa mkanda, freti ya kwanza inakuwa mbali kidogo kushoto, na wiki mbili za mwanzo nilikuwa nakosea kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Stendi ya kuning'iniza haifai, nalilaza kwenye begi lake.

Mtu anayepiga nyumbani tu simshauri, kwa pesa hiyo atapata gitaa la kawaida zuri zaidi. Anayepanda magari kila wiki alichukue. Mimi nalipakata, begi likiwa wima kati ya magoti, na hakuna konda aliyenidai nauli ya pili tangu nilinunue. Alenki nimeifunga kwa kamba kwenye mkanda. Ile iliyokuja na gitaa ilidondoka chini ya kiti cha Coaster maeneo ya Usa River, nikashuka bila kuiona.