Kapadokia: Acha Puto Kwanza, Shuka Chini

Haya haya haya, karibuni tena wadau! Sauti inasikika? Maana kwenye video iliyopita mlinisema, eti upepo unaongea kuliko mimi. Maiki mpya hii hapa kolani, kwa hiyo leo sitaki lawama.

Leo sichambui simu. Najua kuna watu wanasubiri ile simu ya milioni na nusu, tulieni, inakuja. Leo nachambua safari. Safari nayo ni bidhaa, si unalipia? Unaahidiwa vitu, halafu unapewa au hupewi. Na bidhaa ya leo ni kile kifurushi cha Kapadokia, Uturuki. Kila ukifungua simu unakutana na dada kavaa gauni refu linapepea, kasimama juu ya paa, nyuma yake maputo ya kurusha watu yamejaa angani. Tumeuziwa hilo gauni mpaka hakuna anayeuliza chini ya hiyo ardhi kuna nini. Mimi nimekwenda kuuliza.

Kwa wale wa kanisani, Kapadokia mnaijua tangu utotoni. Matendo ya Mitume sura ya pili, siku ya Pentekoste, kwenye ule mstari wa mataifa unaowatoa jasho wasomaji wa zamu. Ndiyo huko huko. Katikati ya Uturuki, mkoa wa Nevşehir na majirani zake. Unatua Istanbul, unaunganisha ndege ya ndani ya saa moja na kidogo mpaka Kayseri au Nevşehir, kisha gari mpaka mji mdogo wa Göreme. Hayo ya ndege mtayatafuta wenyewe, sipotezi muda.

Mawe yale yametokeaje? Haraka haraka. Kuna milima ya volkano pale, mkubwa wao ni Erciyes, mita 3,917, mwingine ni Hasan. Mamilioni ya miaka iliyopita ililipuka ikamwaga majivu mengi, yakarundikana, yakashikana yakawa jiwe laini. Juu yake ukaja ukoko mgumu wa lava. Mvua na upepo vikaanza kula lile laini, lakini penye kipande kigumu kwa juu, chini yake pakasalia. Ndiyo unaona zile nguzo, kila moja na kofia yake nyeusi kichwani. Ukitaka kuziona kwa karibu nenda Paşabağ, kuna moja ina shina moja na vichwa vitatu. Basi, somo limeisha.

La muhimu ni lile neno laini. Jiwe lenyewe unalichimba kwa tindo ya mkono. Watu wakaona, kwa nini nijenge nyumba wakati naweza kuichimba? Wakachimba vyumba, makanisa, mazizi, hadi vibanda vya njiwa, kwa sababu kinyesi cha njiwa kilikuwa mbolea ya mizabibu. Na si mambo ya kale tu, kijiji cha Zelve watu walikaa mapangoni mpaka mwaka 1952, wakahamishwa kwa sababu miamba ilikuwa inadondoka.

Sasa nianze na kilichoniudhi, nikitue. Malazi. Kifurushi kimeandika "chumba cha pangoni". Sitaji hoteli, sitaji wakala, sitaki kesi. Nafungua mlango, nagusa ukuta hivi... jamani, kigae! Tofali la kawaida, juu yake wamebandika vipande vya mawe, na gundi inaonekana pale kwenye soketi. Angalieni hii klipu, naivuta karibu. Mnauona huo mstari mnyoofu kati ya jiwe na jiwe? Pango gani lina mistari minyoofu?

Pango la kweli nalo nililiona, jirani yangu wa mezani wakati wa chai ya asubuhi alinikaribisha nichungulie chumba chake. Pale ukutani kuna mikwaruzo ya tindo, mistari mifupi mifupi iliyolala upande mmoja, unaona kabisa mkono wa fundi ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi. Kona hazipo, kila kitu kimeviringana. Mtandao unakufa ukivuka kizingiti. Na asubuhi mto wa kulalia una vumbi jepesi la rangi ya maziwa, dari linapukutika. Kwa hiyo kabla hujalipa, dai picha ya ukuta ulio nyuma ya kitanda, si picha ya paa lenye mazulia na maputo. Wakikuzungusha, jua ni kigae. Na vyumba vingine ni nusu kwa nusu, mbele wamejenga, nyuma ndiyo mwamba. Hivyo sina shida navyo, ila semeni basi!

Malazi yangu nayapa tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za mama aliyekuwa anapika mayai.

Makumbusho ya wazi ya Göreme, nendeni, ni lazima, lakini sitakaa sana. Makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, michoro ya karne ya 10 mpaka ya 12. Eneo lote hilo liko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1985. Kuna moja linaitwa Karanlık Kilise, yaani Kanisa la Giza, wanakutoza tena pembeni mbali na tiketi ya getini. Nilinung'unika, nikalipa. Mwanga unaingia kwa kidirisha kidogo tu, ndiyo maana rangi za ukutani hazijapauka, ile buluu bado ni buluu. Kupiga picha marufuku, kwa hiyo mtaniamini hivyo hivyo.

Haya. Sasa tulieni. Wale mnaopenda kuruka video mbele, hapa msiruke.

Derinkuyu. Kama kilomita 30 kusini mwa mji wa Nevşehir. Ukifika unaona kijiji cha kawaida, maduka ya wanasesere na tisheti, mlango mdogo. Unajiuliza, ndiyo hapa? Ndiyo hapa. Chini ya huo mtaa kuna mji mzima, umeshuka kama mita 85. Inakadiriwa ulikuwa unaweza kuficha mpaka watu elfu 20 pamoja na mifugo yao. Na ulisahauliwa! Mwaka 1963 mkazi mmoja alikuwa anabomoa ukuta nyumbani kwake, nyuma yake akakuta chumba, chumba kikatoa njia, njia ikashuka. Wageni wakaanza kuingizwa 1969.

Sasa tazameni, hii ndiyo sababu ya video nzima. Hili hapa, mlango.

Naomba muangalie vizuri, namulika kwa tochi. Ni jiwe la duara, kama jiwe la kusagia lililosimamishwa wima. Urefu wake mita moja mpaka moja na nusu, mengine yana kilo 200, mengine yanafika 500. Liko wapi? Siyo njiani. Limekaa pembeni, ndani ya mfuko uliochongwa ukutani. Napitisha kamera hapa... mnaona huu mfereji sakafuni? Jiwe linabiringika humu, linatoka kwenye mfuko wake, linakwenda kuziba njia, upande wa pili kuna mwanya wa kulipokea. Likishaingia, limeingia.

Akili yake iko wapi? Mfuko uko upande wa ndani. Aliye ndani anaweka bega na gongo, anasukuma. Aliye nje anakutana na uso wa jiwe, bapa, hakuna pa kushika. Aombe magogo ya kugongea? Hayapiti. Geuzeni macho mtazame njia niliyotokea. Hii hapa, nimeinama hivi, mgongo unakwaruza dari, mabega yote mawili yanagusa. Jeshi la watu elfu moja likiingia humu linakuwa mtu mmoja mmoja, kainama, gizani, na mkuki wake mwenyewe unamkwama. Halafu tazama katikati ya jiwe. Tundu! Aliye ndani anachungulia, na inasemwa alikuwa anapitisha mkuki. Nimeweka jicho langu hapo nikamwona Mjapani mmoja anapanda ngazi, naye kaniona, kashtuka mpaka kofia ikamdondoka.

Na si mlango mmoja. Kila ghorofa inajifunga peke yake. Adui akiivunja ya kwanza, ya pili inamsubiri.

Hewa je? Kuna mashimo ya hewa yaliyoshuka wima, moja lina zaidi ya mita 50. Nimeweka mkono mdomoni mwake, upepo unapanda kabisa, baridi. Mengine yalikuwa pia visima, na baadhi ya visima havikufunguliwa mpaka juu, ili adui asije akatia sumu. Juu mazizi, chini yake maghala, mashinikizo ya divai, chumba kirefu cha darasa chenye dari la tao, na huko chini kabisa kanisa lenye umbo la msalaba. Kiangazi au majira ya theluji, joto ni lile lile, kama nyuzi 13. Mimi niliingia na tisheti. Msiingie na tisheti.

Nani walijificha? Waanzilishi huenda ni Wafrigia, watu wa kale wa nchi hiyo, kabla ya Kristo huko. Waliopanua sana ni Wakristo wa enzi ya Bizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki, vita vyao na majeshi ya Waarabu vilipopamba moto. Lakini lililonikaa ni hili. Mwanaisimu mmoja wa Cambridge, R. M. Dawkins, alizunguka vijiji vya huko kati ya 1909 na 1911 akirekodi Kigiriki cha Wakristo wa huko. Anaandika kwamba habari za mauaji ya Wakristo Waarmenia huko Adana zilipofika, mwaka 1909, watu wengi wa kijiji cha Axo walishuka mashimoni na kwa siku kadhaa hawakuthubutu kulala juu ya ardhi. 1909! Reli ya Uganda ilishafika Kisumu, na hawa bado wanayategemea mashimo ya mababu. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki wakabadilishana watu, Wakristo wakaondoka, mashimo yakabaki na giza lake.

Naipa tisa kwa kumi. Subiri, nane. Kwa sababu ya msongamano. Ngazi ni moja, kundi linashuka, kundi linapanda, mnakutana katikati mmeinama, nani arudi nyuma? Mishale ipo, myekundu unashuka, wa buluu unapanda, ila haisaidii mabasi sita yakiwa yamefika pamoja. Nendeni getini linapofunguliwa. Na kama una pumu, moyo, magoti mabovu, au ukiingia kwenye lifti unatoka jasho, usiende. Baki juu unywe chai. Nilimwona baba mtu mzima amekaa kwenye ngazi analia kabisa, wanawe wanampepea.

Kuna aliyeuliza, Kaymaklı au Derinkuyu? Kaymaklı nayo ni mji wa chini ya ardhi, na ziko barabara moja. Kaymaklı imetanda kuliko kuzama, vyumba vinaonekana vizuri zaidi, lakini Derinkuyu ndiyo inakupa kile kina. Muda ukiwa mdogo, Derinkuyu. Mwingine akaniambia, "Kaka, kwani Isimila hatuna?" Tunayo, na naipenda. Pale Iringa zile nguzo ni mvua na kijito vimechonga, na zana za mawe zipo za kale kuliko mashimo yote ya Derinkuyu. Ila hakuna aliyechimba nyumba ndani ya zile nguzo. Mshindani wa kweli kwa hapa Afrika ni Lalibela, Ethiopia, makanisa 11 yaliyochongwa kutoka juu kwenda chini. Lalibela watu bado wanasali humo. Nikipata mdhamini, tunakwenda. Mdhamini, unanisikia? Namba iko kwenye maelezo.

Haya, puto, maana najua ndilo mnalongoja. Unaamshwa usiku, unapakiwa kwenye basi dogo, unapewa keki kavu. Mnarushwa jua likichomoza, kama saa nzima, kikapu kimoja watu 20 na kitu. Wenye mamlaka ya anga ndio wanaoamua kila asubuhi, upepo ukikataa hakuna kuruka. Na bei, jamani, bei! Inauzwa kwa yuro, na inapanda na kushuka kwa msimu na hata kwa siku. Wawili walio kikapu kimoja wanaweza kuwa wamelipa bei tofauti kabisa. Siwezi kuwaambia ni wizi, ila siwezi kuwaambia si wizi.

Lakini, niseme haki. Nilipanda kilima cha Göreme alfajiri kuwaangalia wengine. Moto ukawaka ndani ya puto moja bondeni, likang'aa lote, kisha la pili, la tatu, mpaka bonde zima likawa na taa. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Kwa hiyo kama hela ipo, panda, sitakutukana. Kama haipo, panda kilima, hela iliyobaki uende Derinkuyu na kula ile nyama ya chungu, wanakuvunjia chungu mezani. Na usilale Kapadokia usiku mmoja tu, maana upepo ukigoma huna siku ya akiba, na mawakala hilo hawalisemi mpaka umeshalipa.

Gauni nalo linakodishwa, mpiga picha mbali, paa mbali. Mahesabu hayo fanyeni na mabwana zenu.

Kuanzia wiki hii video zinahamia Jumapili jioni, Ijumaa mlikuwa hamji. Jumapili ijayo ni zile pawabanki tatu za Kariakoo, moja imevimba tayari. Waliopata kigae kama mimi, andikeni kwenye maoni mlichoahidiwa na mlichopewa, bila kutaja jina la hoteli. Maswali ya viza msiniulize, nendeni ubalozini.