Jakuzi la nje kwa baridi ya Arusha na Moshi: lipi ununue kwanza

Ukiingia mtandaoni kutafuta jakuzi la nje, karibu kila maelezo utakayokutana nayo yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ufini au Kanada. Kinga ya barafu, hita ya kuzuia mabomba yasigande, hali ya majira ya theluji. Muuzaji wa hapa kwetu anayasoma yaleyale, anakuongezea bei, na wewe unaondoka ukiamini umenunua kitu cha baridi.

Sasa baridi yetu ni ipi? Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13, chini zaidi ukipanda Ilboru na Ngaramtoni. Moshi mjini iko chini, baridi yake ni ya kujifunika shuka mbili tu, ila Machame, Kibosho na Marangu ukungu unakaa hadi watoto wanarudi shule. Maji hayagandi popote kati ya hapo. Kwa hiyo kinga ya barafu usiilipie hata shilingi. Kinachotusumbua sisi ni upepo wa usiku, mvuke, na umeme, na ndivyo nilivyotumia kupanga orodha hii.

Kwa wanaouliza kwa nini wasiende tu kwenye chemchemi ya Chemka pale karibu na Boma Ng'ombe: nendeni, pazuri sana, ila jina lisiwadanganye. Maji yale ni ya uvuguvugu, na mtu aliyeshuka Kilimanjaro jana akiwa na magoti yanayouma atakuuliza yako wapi yanayochemka.

Hesabu ya joto, kabla ya kuchagua chochote

Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Maji ya bomba ya Julai tuseme ni nyuzi 18, wewe unataka 38. Hizo ni nyuzi 20, sawa na uniti 23. Kwa mteja wa kawaida, uniti moja ikiwa na kodi zote ni takribani shilingi 356, kwa hiyo kupasha maji mara moja tu ni kama shilingi 8,200, bado hujahesabu joto linalopotea njiani. Kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, mara tatu umemaliza karibu uniti zote na bado hujapika wala kupiga pasi.

Na muda je? Hita ya kilowati 2, ambayo ndiyo ya majakuzi mengi madogo, itachukua saa kumi na mbili hivi. Unawasha alfajiri ili uoge usiku. Umeme ukikatika saa nane mchana, wageni wako wataoga maji ya uvuguvugu kama ya Chemka.

Kifuniko, ambacho watu hununua mwisho

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto ambalo lingetosha kupasha karibu lita 28 kutoka nyuzi 18 hadi 38. Ule mvuke mzuri unaoupiga picha usiku ni fedha zako za LUKU zinapanda angani. Ndiyo maana jakuzi la bei ndogo lenye kifuniko kizuri hulishinda la bei kubwa lililofunikwa turubai.

Kifuniko kizuri kina povu gumu ndani, unene wa sentimita 8 hadi 10, na kimeinuka katikati ili mvua iteremke. Kikague hivi: maji yakiwa moto na kifuniko kimefungwa, pitisha kiganja kwenye ule mshono kinapokunjwa katikati, kisha zunguka ukingo wote. Ukihisi pumzi ya moto mahali, hapo ndipo joto linatokea usiku kucha. Mara nyingi ni kwenye mshono, kwa sababu kipande cha povu cha kuziba pale kati hakikuwekwa kabisa. Kisha kinyanyue. Kikiwa kizito kuliko ulivyotarajia, povu limekunywa maji na hakizuii joto tena. Cha mtumba karibu vyote viko hivyo.

Chini ya kifuniko tandaza blanketi la plastiki lenye mapovu, lielee juu ya maji. Ni la bei ndogo na linafanya kazi kubwa. Kifuniko kiwe na kufuli pia, maana watoto wa jirani hawabishi hodi.

Haya, orodha.

Namba moja: pipa la mbao au plastiki lenye jiko la kuni

Najua wengi watashangaa, lakini kwa nyumba yenye uwanja, hasa huku juu milimani, hili ndilo naliweka nafasi ya kwanza. Halitegemei umeme. Kuni kavu zina joto la kama uniti 4 kwa kilo, na jiko la kawaida linaingiza nusu yake kwenye maji, kwa hiyo lita 1,000 zinataka kilo 12 hadi 15 za kuni. Mwenye shamba la kahawa anazo tayari kutokana na mibuni aliyopogoa na matawi ya mgrevilea. Na moto mzuri unapasha maji kwa saa tatu au nne, siyo kumi na mbili, kwa hiyo unaweza kuamua saa tisa alasiri kwamba leo tunaoga.

Kwa mbao, mtiki au mvule hustahimili maji. Mbao hupangwa wima na kubanwa kwa pete za chuma, na zinaziba zenyewe zikilowa na kuvimba. Ubaya wake ni kwamba ukiliacha tupu Januari na Februari, jua linazikausha na utakuta nyufa za kupitisha kidole. Liache na maji kidogo muda wote. Kama hutaki kazi hiyo, tangi la plastiki lililokatwa na kuvalishwa mbao kwa nje linatosha kabisa, mradi jiko liwe pembeni na maji yazunguke kwa mabomba mawili, la chini likipeleka maji baridi na la juu likirudisha ya moto. Hata pampu huhitaji. Maji ya moto hupanda yenyewe.

Jiko ndipo mafundi wa kuchomelea wanapokosea. Watakutengenezea kwa bati la kawaida kwa sababu ndilo lililopo karakana. Kataa. Klorini inalila kwa haraka. Taka chuma kisichoshika kutu, na uangalie viungo vyake kwa ndani kabla hujalipa salio. Kanuni ya matumizi ni moja: maji yajae kwanza, moto baadaye. Jiko likiwashwa bila maji linapinda siku ileile.

Usiliweke ndani ya kibanda kilichofungwa. Moshi wa kuni una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Namba mbili: la kujaza upepo

Mpangaji, au mtu ambaye hajui kama familia italitumia baada ya mwezi wa kwanza, anunue hili. Intex na Bestway ndizo zinazojulikana zaidi. Dogo la watu wanne linabeba kama lita 800, unalikunja unahama nalo, na huhitaji fundi isipokuwa wa umeme.

Maelekezo ya kiwandani mara nyingi yanasema usilitumie joto la nje likishuka chini ya nyuzi 4. Kwa Ulaya hiyo inamaanisha kulifungia stoo miezi kadhaa. Kwa Arusha haimaanishi chochote, kwa hiyo hapa kwetu linafaa zaidi kuliko huko lilikotengenezewa.

Udhaifu wake uko chini. Watu wanaliweka moja kwa moja juu ya vigae vya baraza, na vigae vinanyonya joto usiku kucha. Tandika bao za lile povu jeupe linalofungia televisheni, juu yake zulia la mpira, ndipo uliweke. Utaona tofauti kwenye LUKU wiki hiyohiyo. Kuta zake ni nyembamba pia, basi lisogeze kwenye ukuta unaokinga upepo. Juni hadi Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo upande huo uache wazi lipigwe na jua mchana.

Namba tatu: la zege na vigae, lakini kwa pampu ya joto

Wenye nyumba za wageni Njiro, Moshono au Usa River wengi wanalitaka hili, na picha zake zinavutia kweli. Likijengwa vibaya ni shimo la kumezea fedha. Zege lenyewe ni zito na linanyonya joto jingi kabla maji hayajapata moto. Fundi asipoweka povu chini na pembeni kabla ya kumwaga, unapasha udongo wa Arusha. Plasta iwe na dawa ya kuzuia maji, na mabomba yajaribiwe kwa shinikizo kabla vigae havijabandikwa, siyo baada.

Kinacholiokoa ni pampu ya joto. Mashine hii haichemshi maji kama koili. Inavuta joto lililo hewani na kulisukuma kwenye maji, kwa kanuni ileile ya friji ila kinyume chake. Uniti moja ya umeme inaleta uniti tatu au nne za joto. Zile uniti 23 zinakuwa saba hivi, kama shilingi 2,500. Kwenye nchi za theluji ufanisi huo hushuka kwa sababu hewa haina joto la kutosha kuvutwa. Hewa yetu ya nyuzi 13 au 15 inaitosha sana. Baridi ya Arusha ni kama imepimwa kwa ajili ya mashine hii, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoiulizia dukani.

Vipi sola ya maji ya juu ya paa? Iweke kama msaidizi. Miezi ya baridi mawingu hukaa hadi mchana, siku nyingine hayaondoki kabisa, na huwezi kumwahidi mgeni maji moto kwa kutegemea jua la Julai. Ikikupa maji ya kuanzia yenye nyuzi 28 badala ya 18, imeshakupunguzia nusu ya kazi.

Namba nne: la akriliki (plastiki ngumu) kutoka nje

Ni zuri. Limezibwa povu kila upande, lina viti, taa na mapovu ya kukanda mgongo. Nimeliweka mwisho kwa sababu ya yanayofuata baada ya kulinunua. Likijaa maji na watu linafikia tani mbili, kwa hiyo linataka jamvi la zege, siyo baraza la mbao. Linataka waya wake peke yake kutoka kwenye mita, ethi ya kweli, na swichi ya kukata umeme ukivuja ya miliampia 30. Ubongo wake ni kadi ya kielektroniki isiyopenda umeme wa kupanda na kushuka. Kadi ikiungua, unasubiri nyingine itoke ng'ambo wakati jakuzi limegeuka kabati la mbu.

La mtumba kutoka Marekani ndilo la kuogopa zaidi. Kule umeme ni hezi 60 (yaani mizunguko 60 kwa sekunde), hapa ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itabadilisha volti, haitabadilisha hezi, na pampu itazunguka polepole huku ikipata moto. Soma kibandiko cha kwenye mota mwenyewe. Usikubali picha ya WhatsApp.

Maji na usalama

Visima vingi vya upande wa Meru vina fluoridi nyingi, na mara nyingi maji yake yana ualikali, yaani kinyume cha asidi. Kuoga hakuna shida, lakini ualikali unaidhoofisha klorini. Nunua vipimo vya karatasi siku ileile unayonunua jakuzi: pH (kipimo cha asidi na ualikali) iwe kati ya 7.0 na 7.8, klorini angalau miligramu 3 kwa lita. Maji ya moto huimaliza klorini upesi, kwa hiyo pima kila unapotaka kuingia. Pipa lisilo na chujio libadilishwe maji kila baada ya siku chache. Yaache wazi siku mbili klorini ipungue, kisha yapeleke kwenye migomba.

Joto lisizidi nyuzi 40, na dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mjamzito na mwenye presha au moyo waulize daktari kwanza. Watoto wadogo sana wasiingie. Pombe inywewe baada, siyo ndani, kwani maji ya moto yanashusha presha na mtu anaweza kuzirai akiwa anacheka. Njia ya kurudi ndani iwe na zulia lisiloteleza, na taulo zitundikwe umbali wa mkono. Ukitoka kwenye nyuzi 39 usiku wa Ngaramtoni, hatua kumi bila taulo ni nyingi.

Kwa anayeishi Moshi mjini penyewe: la upepo, nyuzi 36 au 37, kifuniko kizuri. Zaidi ya hapo unanunulia baridi ambayo huna.