Wotaprufu (dawa ya kuzuia maji) ya kupaka kwenye bafu la nyumba ya kupangisha, uzoefu wangu

Nina nyumba ya ghorofa moja nimepangisha, familia moja juu nyingine chini. Bafu la juu limevujisha kwa miaka, na kila likianza nilikuwa naita fundi anakwangua grauti ya zamani, ile simenti ya kujaza kati ya taili, anajaza mpya, miezi miwili mitatu poa halafu mama anayekaa chini ananipigia, "Baba samahani kukusumbua, dari limetota tena." Mara ya mwisho nikaenda mwenyewe nikakuta ndoo iko pale pale mtoto wake anapolala, na kitanda kimesogezwa hadi mlangoni. Yaani kile kitanda kilinikaa kichwani wiki nzima, mtu analipa kodi kwa wakati halafu mwanae analala mlangoni. Nikasema basi, sasa hivi tunabomoa lote.

Fundi mwingine niliyemwita alianza kwa kugonga taili moja moja na mpini wa nyundo, zile zilizoshika vizuri zina mlio mzito na zilizoachia unasikia kabisa kuna uwazi chini, upande wa shawa karibu zote zilikuwa zimeachia. Akaniambia grauti haizuii maji, maji yanapenya taratibu kila siku watu wakioga, taili ni urembo tu na kinachozuia maji kinatakiwa kiwe chini yake. Na kweli tulipong'oa hakukuwa na kitu chochote, ni mchanga na simenti iliyolowa, nyeusi, inanuka, ukiibonyeza kwa kidole inaachia.

Sasa wotaprufu yenyewe. Nilinunua ile ya sehemu mbili, unga wa simenti na maji yake mazito kama maziwa, ikikauka inakuwa na umpira fulani ndo maana haipasuki sakafu ikicheza kidogo. Mnachanganya kwa ile fito ya kufunga kwenye drili mpaka mabonge yaishe. Sakafu mnailowesha kwanza ila maji yasituame, mnapaka koti la kwanza mkienda upande mmoja, likishika mnapaka la pili mkikatisha. Kwenye kona zote na kuzunguka tundu la maji unazamisha utepe wa neti ndani ya dawa, hapo usikubali fundi aruke kwa sababu kona ndo zinaanzaga kupasuka. Upande wa shawa tulipandisha mpaka juu ya kichwa cha mtu, kuta nyingine sentimita 30 hivi.

Ubaya wake, ukishachanganya inaanza kuganda kwenye ndoo haraka, kwa hiyo msichanganye yote kwa pamoja, sisi tulitupa karibu robo. Halafu nilipiga hesabu ya koti moja, la pili likaishia katikati, ikabidi nikimbilie dukani fundi amesimama.

Kitu ninachoomba kila mwenye nyumba asikiruke ni kujaza maji. Dawa ikikauka siku zake zilizoandikwa kwenye ndoo, ziba tundu, zuia mlangoni, jaza maji sentimita chache, chora mstari kwa penseli ukutani yanapoishia, acha masaa 24. Fundi hakupenda, alitaka aanze taili siku hiyo hiyo, tukavutana kidogo. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole kizima na chini dari lina alama mbichi! Kumbe pale bomba la kutolea maji linapoungana na sakafu palikuwa na kimwanya. Tukakausha, tukaweka utepe upya, makoti mawili tena, tukajaza tena. Mara ya pili mstari ulibaki pale pale, nikashuka nikapapasa dari kwa mkono, kavu. Fikiria kama taili zingekuwa zimeshapigwa juu yake.

Mteremko nao usimamie mwenyewe kabla ya taili, sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, la sivyo maji yanakaa pembeni. Chini nimeweka taili zisizong'aa maana wapangaji wana mtoto mdogo na zile za kung'aa zikilowa na sabuni zinaangusha watu. Grauti ya kijivu, nyeupe kwenye nyumba ya kupangisha inachafuka haraka. Kwenye kona nimepiga silikoni, grauti pale inapasuka. Na nikaongeza koki ya kufungia maji ya bafu peke yake, ili siku kitu kikiharibika nyumba nzima isikose maji.

Kazi ilikula wiki mbili na siku kadhaa, zaidi ni kusubiri vikauke, na familia ya juu niliwapunguzia kodi ya hizo siku maana kuoga kwa majirani na watoto sio jambo dogo, na niliwaambia mapema kabla nyundo haijagusa ukuta. Ongeeni na wapangaji wenu jamani.

Dawa naipa nyota tano, fundi naye nne, mkono wake kwenye taili ni safi sana ila ile haraka yake nusura itugharimu. Sasa hivi ni mwezi wa nane tangu tumalize na watu wanaoga kila siku. Dari la chini nimelipiga rangi na kitanda cha mtoto kimerudi mahali pake.