G*Power 3.1: kikokotoo kinachouliza usanifu wa utafiti kwanza, namba baadaye

Wanafunzi wengi wa uzamili huifungua G*Power, programu ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, wakitaka jibu la swali moja: watafitiwa wangapi? Programu haiwajibu papo hapo. Inataka kwanza uchague familia ya majaribio ya kitakwimu, kisha jaribio lenyewe, kisha aina ya ukokotoaji. Ambaye hajaamua usanifu wa utafiti wake hukwama kwenye orodha ya kwanza. Huo ndio ubora wake mkubwa, na ndiyo sababu wengi huifunga na kurudia sampuli ya watu 384, namba ya kunakili tu.

Imetengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Heinrich Heine, Düsseldorf, Ujerumani. Ni ya bure, inatumika kwenye Windows na Mac, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Maandishi yote ni ya Kiingereza.

Inang'ara kwenye utafiti wa kimajaribio. Chukua mbinu mpya ya kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): watoto wanagawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja linapata mbinu mpya, kundi dhibiti linaendelea na ya zamani, mwisho wote wanafanya mtihani mmoja. Chagua familia ya t (majaribio ya kulinganisha wastani), kisha tofauti ya wastani wa makundi mawili yasiyotegemeana, kisha ukokotoaji wa kabla ya utafiti. Weka ukubwa wa athari 0.5, kosa la kwanza (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo) 0.05, nguvu (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) 0.80, mikia miwili (unapima tofauti ya upande wowote). Bonyeza "Calculate": 64 kila kundi, jumla 128.

Ila usibonyeze kabla ya kukagua visanduku. Programu inakuja na mkia mmoja na nguvu 0.95, na ukiacha hivyo inakupa 176. Kuna wanaorekebisha nguvu tu na kusahau mkia. Wanapata 102, wanafurahi, halafu kwenye uchambuzi wanatumia mikia miwili. Sampuli tayari imepungua kwa watu 26 na hakuna aliyeona.

Kosa kubwa zaidi ni hiyo 0.5. Watu huiandika kwa sababu inaitwa athari ya kati, basi. Athari hapa ni tofauti ya wastani unayoitarajia ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa alama). Kama mtihani una mkengeuko wa alama 10 na mbinu inatarajiwa kuongeza alama 5, sawa, ni 0.5. Kama kweli unatarajia alama 2, ni 0.2, na sampuli inaruka hadi 394 kila kundi. Chimba namba hiyo kwenye tafiti zilizotangulia au kwenye utafiti wa awali. Ukikisia hapa, sura nzima ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, imejengwa juu ya makisio.

Kwenye nusu-majaribio, unapopewa madarasa yaliyokwisha kupangwa, jibu la programu halitoshi. Watoto wa darasa moja hufanana: mwalimu mmoja, mtaa mmoja. Zidisha sampuli kwa 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watoto wa kila darasa na ρ ni kiwango cha kufanana kwao. Madarasa ya watoto 20 yenye ρ ya 0.05 yanatoa 1.95, kwa hiyo 128 inakuwa 250. Hesabu hii unaifanya mwenyewe kwa kalamu, na hapa programu inapoteza nyota nzima.

Vipimo vya kurudiarudia, yaani watu walewale wakipimwa zaidi ya mara moja, vina mtego wake. Ukinakili eta mraba (kipimo kingine cha ukubwa wa athari) kutoka matokeo ya SPSS, programu ya uchambuzi wa takwimu, bila kubadilisha chaguo lililo kwenye "Options", programu inaifasiri kwa kanuni nyingine na mara nyingi inakupa sampuli ndogo mno.

Utafiti wa kiuhusiano hauna usumbufu: uhusiano wa 0.3, nguvu 0.80, mikia miwili, watu 84.

Sova elezi, utafiti wa kueleza tu hali ilivyo, ni habari nyingine. Anayetaka kujua ni asilimia ngapi ya kaya zina vyoo bora hapimi nadharia tete yoyote. Anakadiria, na anachohitaji ni usahihi. Hapo ndipo mahali halali pa 384, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5: 1.96² × 0.25 ÷ 0.05². Tumia OpenEpi, kikokotoo cha bure cha mtandaoni, achana na G*Power. Wala fomula ya Yamane, inayopata sampuli kutokana na idadi ya watu na kosa linalokubalika, na ambayo imejaa kwenye tasnifu zetu, haifai kulinganisha makundi, maana haiulizi kabisa ukubwa wa athari. Na kwa uchunguzi kifani au mahojiano ya kina, usiifungue. Msimamizi atakayedai nguvu ya kitakwimu kwa mahojiano 15 amechanganya mikabala.

Nyongeza ya kufidia watakaojitoa ipate kwa kugawanya, si kwa kuzidisha. Ukitarajia kupoteza asilimia 15, 128 ÷ 0.85 ni 151, fanya 152 ili makundi yawe sawa. Ukizidisha kwa 1.15 unapata 148, na wakishatoka hao asilimia 15 unabaki na 125 au 126.

Kichupo cha pili cha dirisha hurekodi kila ukokotoaji na vigezo vyake vyote. Kinakili chote kwenye kiambatisho, andika na toleo la programu. Jopo likiuliza 128 imetoka wapi, fungua ukurasa huo.