Uzoefu Wangu na Kibanio cha Chuma cha Tortila kwa Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula

Mwanangu ana umri wa miaka 4, na mzio wake ni wa ngano, maziwa na mayai, yaani vitu ambavyo ni vigumu kuvikwepa katika mikate inayouzwa ikiwa tayari. Nilinunua kibanio cha chuma cha kutengenezea tortila za mahindi ili ale mkate laini, bapa kama chapati, ambao najua kila kilichomo ndani yake. Nimekitumia kwa muda wa kutosha kukipendekeza kwa moyo mweupe, ingawa yapo mambo ambayo muuzaji hakuyagusia kabisa, na kwa mzazi mwenye mtoto kama wangu mambo hayo ni mazito kuliko kifaa chenyewe.

La kwanza ni unga. Unga wa kawaida wa mahindi haufai, kwa kuwa donge lake hupasuka mara tu linapobanwa. Huko Mexico, ambako tortila ni chakula cha kila siku, punje za mahindi huchemshwa katika maji yenye chokaa ya chakula, huachwa humo kwa saa nyingi, kisha huoshwa na kusagwa. Chokaa hulainisha maganda na kulifanya donge lishikane bila gluteni, yaani protini ya ngano inayoshikanisha donge. Vilevile huifungua niasini, vitamini ambayo mwili huipata kwa shida kutoka kwenye mahindi yasiyotayarishwa hivyo. Ndiyo maana jamii nyingine zilizotegemea mahindi bila kufuata utaratibu huo ziliteswa na pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa niasini. Unga uliokaushwa baada ya hatua hizo huuzwa kwa jina la masa harina, na orodha ya viambato vyake huwa fupi: mahindi na chokaa, pengine na vitamini zilizoongezwa.

Ufupi wa orodha hiyo usimtulize mzazi mapema. Mahindi yanaweza kuwa yamesagwa katika kinu kilichosaga ngano, na onyo la kwamba bidhaa huenda ina chembe za ngano huandikwa kwa hiari ya mtengenezaji katika nchi nyingi, hivyo lebo isiyo na onyo haithibitishi chochote. Mimi huchagua pakiti iliyothibitishwa kuwa haina gluteni, ambayo kwa kiwango cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, haipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Hata hivyo, kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mzio wa ngano bali kwa ajili ya wagonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao huumizwa na gluteni, na haya ni maradhi mawili tofauti. Kwa sababu hiyo nilimwonyesha daktari wa mwanangu unga wenyewe kabla ya kuupika, na nikamwuliza pia kuhusu mahindi, kwa maana wapo watu wachache ambao mahindi yenyewe huwaletea mzio.

Kibanio ni sahani mbili za chuma zilizounganishwa kwa bawaba, pamoja na mpini wa kukandamizia. Vipo vya mbao, navyo vinapendeza, lakini mbao hunyonya unyevu na kubaki na mabaki ya chakula, jambo nisilolitaka jikoni kwangu. Uzito wa chuma ni faida, kwani mtoto akiegemea mpini kidogo tu donge hutandazika lote kwa usawa. Uzito huohuo ni hatari kwa vidole vyake, kwa hiyo mimi ndiye ninayefungua na kufunga sahani. Yeye hushika mpini baada ya sahani kukutana.

Nachanganya vikombe 2 vya unga, kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha nafunika donge kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika 20. Kingo zikipasuka ninapobonyeza, naongeza maji kijiko kimoja kimoja. Mwanangu hufinyanga madonge yenye ukubwa wa limau dogo na kuyaweka kati ya vipande viwili vya plastiki. Kazi hii naithamini sana. Mtoto aliyezoea kuambiwa asiguse unga wala sahani ya mwenzake hapa anakanda kwa mikono yote miwili, nami simzuii, isipokuwa asionje donge bichi. Kuoka ni kazi yangu: kikaango kikavu chenye moto mkali, takriban dakika moja kila upande, kisha tortila hufungwa ndani ya kitambaa safi zilainike kwa mvuke wake zenyewe.

Kikaango hicho hakipikiwi kitu kingine, kwa sababu moto hauwezi kutegemewa kuharibu masalia ya ngano yaliyoganda kwenye chuma.

Kasoro ninayoilalamikia ni moja. Vibanio vya chuma vya aina hii mara nyingi hupakwa mafuta kiwandani ili visishike kutu, na baadhi ya watengenezaji hutumia mafuta ya soya. Karatasi ya maelezo ndani ya boksi langu haikutaja mafuta yaliyotumika. Mwanangu hana mzio wa soya, lakini mzazi ambaye mtoto wake anao anapaswa kumwuliza mtengenezaji kabla ya kulipa, na jibu hilo lilistahili kuchapishwa juu ya boksi.